Birika Lapanda Mlima

Basi la shule lilichemka kwa mara ya sita siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, kwenye kona ya tatu ya mlima, mbele ya mbuzi watatu na wasichana thelathini na wanane. Mbuzi walitimua mbio. Wasichana, kwa kuwa walikuwa na elimu, hawakukimbia. Walishuka mmoja mmoja, wakajipanga kando ya barabara kama gwaride, na kiranja wao akapiga hatua moja mbele. Huyu aliitwa Spika, kwa sababu sauti yake haikuhitaji kipaza sauti wala ruhusa. Mkononi alishika pakiti ya majani ya chai.

"Kapteni," alisema kwa heshima zote, "maji yako tayari. Tutie ya rangi au ya maziwa?"

Kapteni ndiye dereva. Basi lenyewe wasichana walikwisha kulibatiza Birika, na jina likanata kama gundi. Mtu aliyeshika usukani miaka ishirini na miwili bila kumgonga hata kuku hajibu maswali ya chai. Alifungua boneti, mvuke ukampokea usoni, akarudi nyuma hatua mbili, akajipangusa kwa mkono wa shati. Kisha akafanya alichokuwa akifanya kila moyo ulipomuuma: alichomoa kitambaa chake cha manjano, akaanza kuing'arisha ngao.

Ngao hii tusiipite hivi hivi, kwa maana hakuna aliyeruhusiwa kuipita hivi hivi. Mwaka uliotangulia, shule ilipotimiza miaka hamsini, Madam Mkuu aliagiza ubao mzito wa mbao ngumu, mpana kama meza ya mwalimu, uliochongwa kitabu na taa, na chini yake, kwa herufi za dhahabu, kaulimbiu ya shule: MTAFUTAJI HACHOKI. Ukafungwa kifuani mwa basi kwa bolti nne. Madam alikata utepe mwekundu, kwaya ikaimba wimbo wa shule beti zote sita, hata zile mbili ambazo hakuna anayezijua. Tangu siku hiyo Kapteni aliipangusa ngao kwanza, kioo baadaye. Mwanzoni mwa muhula huu Madam alilalamika kwamba ngao inagongagonga njiani kama mlevi anayebisha hodi. Kapteni alichana mpira wa tairi kuukuu, akauzungusha nyuma ya ubao, akakaza bolti mpaka spana ikalia. Ngao ikanyamaza. Madam akamsifu mbele ya walimu wote, na sifa ile ilimshibisha wiki nzima.

Jumanne hiyo timu ya mdahalo na washangiliaji wake walikuwa safarini kwenda mashindanoni. Walifika saa saba. Waandaaji walikuwa wanakunja viti.

"Wameshindwa bila kufungua mdomo," Madam Mkuu alisema jioni ile ofisini kwake. "Spika! Bila kufungua mdomo! Unaelewa uzito wake?"

"Naelewa, Madam. Hata mimi kile kimya kilinitisha."

Madam hakucheka. Alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamia watu, na alipozivua zote mbili, mambo yalikuwa yamefika pabaya. Alizivua zote mbili.

"Ijumaa saa nane mchana nitapanda basi hilo mimi mwenyewe, na wasichana walewale. Likifika juu ya mlima bila kuchemka, tutaendelea nalo. Likichemka hata kijiko kimoja, Jumatatu linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na wewe, kwa sababu shule haimtupi mtu wake, tutakupa nafasi getini."

Getini! Kapteni alitoka ofisini akiwa na neno hilo mdomoni kama mfupa wa samaki. Alilijua lile banda la geti. Lilikuwa na kiti cha miguu mitatu na nusu, filimbi iliyotafunwa na vizazi vya walinzi, na daftari la kuandikia namba za magari ya watu wengine. Ya watu wengine! Yeye, aliyekuwa akipigiwa honi za salamu na madereva wa malori, akae kwenye kiti kibovu akiuliza, "Unamtafuta nani?"

Nyumbani mkewe, Mama Watoto, alikuwa kwenye cherehani akishona sare za watu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua mguu kwenye pedali.

"Geti nalo si kazi?" aliuliza.

"Geti halina usukani."

"Lina bawaba. Utakuwa unalizungusha hivyo hivyo."

"Mama Watoto, mimi nazama na wewe unanirushia mawe."

Mkewe akasimamisha cherehani. Hilo halikutokea mara nyingi. "Haya, sikiliza. Wewe ukiumwa kichwa unameza kila dawa iliyo kabatini, halafu unalalamika tumbo. Na hilo basi lako mnalifanya vilevile. Mmelibadilishia nini muhula huu?"

Kapteni alihesabu kwa vidole. Pampu ya maji. Kifuniko cha rejeta. Mkanda wa feni. Thamostati, yaani kile kidude kinachoyafungulia maji njia injini ikipata moto.

"Na kuna aliyeuliza kichwa kilianza kuuma lini, na kinauma ukifanya nini?"

Hakuna aliyeuliza. Kapteni alitazama vidole vyake vinne vilivyonyooka hewani, akavikunja taratibu.

Jumatano asubuhi fundi alifika. Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika mtaani. Aliitwa Fundi Pampu, kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kukutana na ugonjwa wa gari ambao haukutokana na pampu. Inasemekana aliwahi kuletewa baiskeli ya mlemavu iliyopinda ukingo, akaizunguka mara tatu, akasikitika kwamba haina pampu ya maji, maana ingekuwa ndiyo imekufa.

"Pampu," alisema kabla hata boneti haijafunguliwa.

"Tulibadilisha mwezi uliopita," Kapteni alimkumbusha. "Wewe mwenyewe."

"Ndiyo hiyo sasa. Imeshazeeka."

"Naomba tusibadilishe chochote leo," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Mwalimu wa Fizikia, mwanamke mfupi wa koti jeupe lenye chaki mifukoni. Alikuwa amefundisha mada ya joto miaka kumi na tisa. Gari hakuwa nalo, na kuendesha hakujua. Lakini timu ya mdahalo ilikuwa yake, na kimya cha Spika kilimkosesha usingizi.

Fundi Pampu alimtazama kuanzia chaki mpaka viatu. "Mwalimu, shikamoo yako tutakupa. Ila hapa si ubaoni."

"Ndiyo maana nimekuja. Kule ubaoni halijawahi kuchemka hata siku moja."

Kapteni akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumanne, na kikamponya kidogo.

"Mimi najua mambo matatu tu," Mwalimu aliendelea. "Injini inatengeneza joto. Maji yanalibeba. Rejeta inalitupa nje kwenye upepo. Mmoja kati ya hawa watatu hafanyi kazi yake. Tuwaulize mmoja mmoja, kama wanafunzi waliovunja kioo."

Wakawauliza. Injini ilikuwa imelala baridi usiku kucha, kwa hiyo Kapteni alifungua kifuniko cha rejeta bila kuungua. Maji yalikuwa yamejaa mpaka shingoni. Hapakuwa na tone chini ya basi, wala kwenye mipira ya maji. Akaliwasha kifuniko kikiwa wazi, na Mwalimu akainama kutazama kama kuna mapovu yanayopanda, maana mapovu yangesema gasketi imeungua na moto wa injini unavujia kwenye maji. Maji yalitulia kama ya kwenye kikombe. Kapteni akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa na weusi wa kawaida, si ule mchanganyiko unaofanana na chai ya maziwa. Akafunga kifuniko, injini ikapata moto, akashika mpira wa juu, halafu wa chini. Yote miwili ilikuwa na joto.

"Maji yanazunguka," alisema Mwalimu. "Kwa hiyo pampu..."

"Usiiseme," Fundi alisema.

"...ni nzima."

Fundi Pampu akaenda kusimama pembeni, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

Feni nayo ilizunguka vizuri, koti la Mwalimu likapeperuka nyuma yake. Walilichungulia basi kwa juu, kwa chini, kushoto na kulia. Likaunguruma uwanjani saa nzima, na mshale wa joto ukasimama katikati ya geji, mtulivu kama mwanafunzi wa dawati la mbele.

"Linajifanya," Fundi alisema. "Kuna watu wakiona hospitali tu wanapona."

Mwalimu akapangusa mikono kwenye koti, akajiongezea madoa. "Basi si mgonjwa wa kusimama. Ni mgonjwa wa safari. Kapteni, safari zako unaziandika?"

Swali hilo kwa Kapteni lilikuwa sawa na kumuuliza kasisi kama anajua kusali. Daftari lake la safari lilikuwa na jalada la plastiki na mwandiko uliolala upande mmoja kama mpunga kwenye upepo. Humo mliandikwa tarehe, mwendo, mzigo, hali ya hewa, na wakati mwingine tabia ya abiria.

Alhamisi wakati wa mapumziko walikaa kwenye ngazi za basi, Mwalimu akilisoma daftari kwa kalamu nyekundu, Kapteni akiwa na wasiwasi wa mtu anayesahihishiwa. Muhula wote uliopita, safari kumi na moja za mlimani, hakuna mchemko. Muhula huu, safari saba, michemko sita. Yote wakati wa kupanda, yote kati ya kona ya tatu na ya tano.

"Sita," alisema Mwalimu. "Na hii ya saba?"

Kapteni akasogea. Tarehe kumi na nne. *Mlima. Magunia arobaini ya mahindi ya jikoni. Jua la kupasua mawe. Mpishi alikaa mbele. Tulifika salama.*

"Magunia arobaini," Mwalimu alinong'ona. "Ni mazito kuliko wasichana wote na Spika juu yao. Na halikuchemka! Siku hiyo kulikuwa na nini, Kapteni?"

Kapteni akafumba macho. "Mahindi."

"Zaidi ya mahindi."

"Mpishi alitafuna karanga njia nzima. Maganda nimeyafagia siku tatu."

"Karanga hazipoozi injini. Kumbuka tena."

Alikumbuka vumbi, akakumbuka redio ya mpishi, akakumbuka lori lililompigia honi. Lile lililotakiwa halikuja. Kengele ya darasa ikalia, Mwalimu akaizungushia tarehe kumi na nne duara jekundu, akamrudishia daftari. Hakumwandikia "jitahidi", lakini Kapteni aliliona neno hilo machoni mwake.

Ijumaa saa nane kasoro dakika tano Madam Mkuu alipanda basi, mkoba mapajani, miwani zote mbili mahali pake. Nyuma yake alikaa Fundi Pampu, amepakata pampu mpya iliyofungwa kwenye gazeti, na kila basi liliporuka shimo aliishika kichwa kama mtoto mchanga. Mwalimu wa Fizikia alikuwa na bunda la karatasi za mtihani za kusahihisha, kwa sababu mwalimu hata akienda kuzama atasahihisha njiani. Wasichana thelathini na wanane walijaza viti vilivyobaki.

"Spika," alisema Madam bila kugeuka, "hiyo pakiti iliyo ndani ya sweta, ilete hapa."

Majani ya chai yakapita mkono kwa mkono mpaka mbele, yakaingia mkobani, na wasichana wakainamisha vichwa kwa dakika moja ya maombolezo.

Barabara ya chini ilikwenda kama maji kwenye mfereji. Kona ya kwanza, mshale katikati. Kona ya pili, mshale ukajongea, kidogo tu, kama mtu anayesogea kitini akitaka kuaga. Kapteni akashusha gia. Injini ikanguruma, mlima ukasimama mbele yake. Kabla ya kona ya tatu mshale ulikuwa umebakiza upana wa ukucha kufika kwenye wekundu.

Alibakiza kona tano. Ukweli ni kwamba aliwaza kucheza bahati nasibu. Safari moja lilifika hadi kona ya tano. Pengine leo, kwa hofu ya Madam, lingefika ya saba. Akakanyaga mafuta. Mshale ukaongezeka nusu ya ukucha. Hapo aliisikia injini ikilia sauti ya chini, ya kuumia, ambayo miaka ishirini na miwili ilikuwa imemfundisha kuijua, na mguu wake wenyewe ukakataa. Akaegesha basi kando, penye kifusi cha kokoto, akaiacha injini ingurume polepole ili maji yaendelee kuzunguka.

"Mbona umesimama?" Madam aliuliza.

"Halijachemka, Madam. Ila nikiendelea litachemka, na pengine litapasuka kabisa. Afadhali niende getini kuliko kuliua." Akavuta breki ya mkono. "Naomba dakika kumi."

Madam akatazama saa. "Dakika kumi. Nazihesabu."

Wote walishuka. Kapteni akafungua boneti. Hapakuwa na mvuke, ila joto lilitoka kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Fundi Pampu akachungulia, akafungua gazeti kona moja, akasema kwa upole, "Pampu." Mwalimu akazunguka mara mbili, mikono nyuma. Dakika tatu zikaisha. Dakika nne.

Moyo wa Kapteni ulimuuma. Na mkono wake, bila kumuuliza mwenyewe, ukachomoa kitambaa cha manjano na kuanza kuing'arisha ngao.

Alipangusa kitabu. Alipangusa taa. Alipofika kwenye herufi ya M, kitambaa kikakwama kwenye kidonge cha rangi ya dhahabu, pale brashi ya mchora mabango ilipopitiliza mstari. Kidonge hicho kilikuwa kinamkera tangu siku alipoichukua ngao kwa mchora mabango, ambako alikuwa ameipeleka ipakwe upya. Ilikaa huko siku nzima. Yeye siku hiyo alikwenda kuchukua...

Mkono ukasimama.

"Mwalimu," alisema. "Tarehe kumi na nne. Ngao haikuwepo."

Mwalimu akageuka mbio mpaka chaki moja ikamtoka mfukoni.

Kapteni alipitisha vidole nyuma ya ukingo wa ubao. Vikakutana na mpira, mpira wake mwenyewe, alioukata kwa kisu chake na kusifiwa kwa huo mbele ya walimu wote. Umekaza. Hata sindano isingepita. Na nyuma ya mpira huo, akitafuta upepo kama mtu aliyefunikwa mto usoni, alikuwa rejeta. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba utakuwa unakipangusa kila asubuhi.

Hatua mbili nyuma yake alisimama mwenye ngao. Kapteni angeweza kunyamaza, afungue bolti kesho kimyakimya, amsingizie mwizi. Lakini hapakuwa na kesho; palikuwa na dakika tano.

"Madam," alisema, kwa sauti ya mtu anayejitaja mwenyewe polisi, "anayelichemsha basi ni mimi."

Akaeleza yote: ngao ilipogongagonga, upepo ulikuwa bado unapita pembeni. Alipoziba kwa mpira ili Madam apate utulivu, akaliziba basi pumzi. Likisimama, feni inajiibia upepo kidogo kutoka chini, injini haina kazi, inatosha. Likipanda mlima limebeba watu, haitoshi kabisa.

"Ubao?" Fundi Pampu aliangua kicheko. "Jamani! Tangu lini ubao ukachemsha injini?"

"Tusibishane," alisema Mwalimu. "Tuulize." Akachomoa karatasi moja kwenye bunda lake.

"Mwalimu, si hiyo!" Spika alipiga kelele, na mbuzi wa kona ya tatu, waliokuwa wamerudi, wakakimbia tena. Karatasi ilikuwa yake. Ilikuwa ya mada ya joto. Ilikuwa na nne kwa ishirini, kwa wino mwekundu, ikazungushiwa duara.

Mwalimu akaiweka mbele ya ngao, akaiachia. Karatasi ikayumba, ikaanguka kwenye kokoto.

"Feni inazunguka," alisema, "na mbele haivuti hata karatasi nyepesi kama hii."

"Nyepesi kweli," mtu mmoja alinong'ona kati ya washangiliaji.

Madam Mkuu akausogelea ubao. Alikuwa anaisoma ngao kama hajawahi kuisoma. "Niliwaambia wazazi," alisema mwishowe, "kwamba ngao hii italiongoza basi letu."

"Imeliongoza, Madam," Mwalimu akajibu kwa adabu. "Ila imeliziba pua."

Kisha Madam akavua miwani. Moja tu.

"Spana," alisema.

Kapteni hakuwahi kufungua bolti nne kwa kasi ile. Fundi Pampu mwenyewe aliweka chini pampu yake, akashika upande wa pili wa ubao, na kwa pamoja wakauteremsha kama watu wanaoshusha jeneza la tajiri. Nyuma yake, rejeta ilikuwa na vumbi, panzi wawili wakavu, na kipande cha utepe mwekundu wa sherehe ya miaka hamsini. Madam aliuokota utepe ule kwa vidole viwili, akautia mkobani karibu na majani ya chai.

Mwalimu akaokota karatasi ya Spika, akaisogeza mbele ya rejeta. Hakuwahi kuiachia vizuri. Ilimponyoka, pah! ikajibandika kwenye rejeta na kung'ang'ania pale, nne kwa ishirini ikiwatazama watu wote waliokuwa kando ya barabara.

Wasichana wakapiga makofi. Spika akainamisha kichwa kwa fahari ya mtu anayetunukiwa.

"Andikeni," alisema. "Karatasi yangu imefanya kazi ambayo za wenye ishirini hazijawahi kufanya."

"Nitakuongezea moja," alisema Mwalimu. "Moja tu."

Kapteni alikuwa keshapanda ndani kutazama geji. Mshale ulikuwa unashuka, taratibu, ukirudi nyumbani kwake katikati. Akaketi akiutazama mpaka macho yakamwasha. Fundi Pampu akachungulia dirishani.

"Pampu ni nzima," alikiri, kwa uchungu. "Kwa leo."

Wakapakia. Ngao, kwa kuwa haiwezi kuachwa porini, ilikaa mapajani mwa Madam Mkuu, naye akaikumbatia kwa mikono miwili, kidevu juu ya taa iliyochongwa. Kona ya tatu ikapita. Ya nne, mshale ukapanda kidogo, ukafikiri, ukatulia. Kwenye ya tano hakuna aliyepumua isipokuwa injini, nayo ilipumua vizuri, upepo wote wa mlima ukiingia kifuani mwake. Ya sita. Ya saba. Kisha barabara ikalala, anga ikafunguka, na bonde lote likaonekana chini, na shule ndani yake ndogo kama kiberiti.

Kapteni akaegesha, akazima. Wakasikiliza. Hapakuwa na mluzi wala mvuke. Kilichosikika ni chuma kikipoa, tik, tik, na Spika nyuma kabisa akisema kwa huzuni ya kweli, "Birika limekufa. Alikuwa birika mwema."

"Kapteni," alisema Madam Mkuu.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Siku zote alimwita Dereva.

"Abee, Madam." Akajisikia, akakohoa, akarekebisha: "Naam, Madam." Wasichana walikwisha kusikia, na jambo hilo litamfuata mpaka astaafu.

"Jumatatu asubuhi, getini."

Shati lake lote likapoa. "Madam, lakini halijachemka..."

"Najua halijachemka, nina macho manne. Uje na spana yako na zile bolti nne. Ngao hii itakaa pale, kila anayeingia aisome. Upepo wa getini haumpungukii mtu." Pembe ya mdomo wake ikasogea mahali ambapo wanafunzi hawakujua kwamba huwa inasogea. "Wewe ulidhani nimesema nini?"

Nyuma basi lililipuka kwa vicheko. Kapteni naye akacheka, akacheka mpaka akaulalia usukani, na honi ikalia yenyewe, ndefu, ikashuka bondeni. Lori lililokuwa linapanda likamjibu.

"Na Jumamosi ya wiki ijayo kuna mdahalo mwingine," Madam aliendelea, akifungua mkoba. Akatoa pakiti ya majani ya chai, akaipima mkononi, akairudisha ndani. "Tutafika mapema. Spika atafungua mdomo. Mungu awasaidie wenyeji."

Jioni ile Mama Watoto alimkuta mumewe mezani, amelala upande mmoja juu ya daftari kama mwandiko wake. Alisoma kwa juu ya bega lake: *Ijumaa. Mlima. Wasichana 38, walimu 2, pampu 1. Jua kali. Halikuchemka. Chai haikunywewa.*

"Na geti?" aliuliza.

"Geti limepata mtu mwingine," alisema Kapteni. "Mpana, mzito, na hachoki."